Siku Ishirini za Usumbura, Mtaani Cimpunda

Mimi nimeishi Usumbura siku ishirini, na katika siku hizo zote sikutoka Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu. Msianze kuuliza kama ni uchawi. Ni papa tu, na penseli yake.

Papa alikuwa karani katika duka la Mugriki mmoja pale mjini Bukavu, duka la vitambaa, sukari, misumari na chochote ambacho Mugriki aliona kinaweza kupata mnunuzi. Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, karani alikuwa mtu. Papa alikuwa na koti la kijivu na viatu vyeusi, na alipenda kupima vitu hata nyumbani, ambako hakuna aliyemlipa. Mama akitia chumvi katika sufuria, papa aliinua macho. Hakusema neno, aliangalia tu mkono wake. Basi mama aliongeza kidogo, kwa makusudi kabisa.

Mwaka mmoja, mvua zilipokwisha, Mugriki alimwita papa akamwambia anafungua duka la pili Usumbura. Papa akikubali, atakuwa mkubwa wa makarani kule, na mshahara utapanda. Jibu alilitaka mwisho wa mwezi wa sita.

Leo mtu akisikia Usumbura anaona ni hapo jirani. Wakati ule ilikuwa nchi nyingine, ng'ambo ya mto Ruzizi, hata kama Mubelgiji alikuwa yuleyule na faranga ileile. Mtu mweusi hakuvuka hivi hivi kama anakwenda kuchota maji. Alihitaji karatasi yenye muhuri, na ile karatasi ilikuwa na desturi ya kuchelewa.

Na shida ilikuwa moja, kila mtu nyumbani aliijua: koko, yaani mama yake mama. Koko alikuwa mjane, alikaa mlimani upande wa Kabare, na mama alikuwa binti yake wa pekee. Kila Jumamosi alishuka kwa miguu, mwendo wa asubuhi nzima, kitunga kichwani: maharagwe, viazi vitamu, ndizi za kupika, siku nyingine kibuyu cha maziwa ya kuganda. Alikunywa chai, akamwangalia binti yake, akapanda tena mlima. Tukihamia Usumbura, nani angempa koko karatasi yenye muhuri? Na hata angeipata, zile kona za barabara ya bondeni, juu ya lori, zingemmaliza. Mama angemwona labda mara moja kwa miaka miwili, na koko alikuwa amefika umri ambao miaka miwili si ahadi.

Papa alijua. Ndiyo maana hakuzungumza juu ya koko. Alizungumza juu ya bei.

Alimwandikia mdogo wake, tonton wetu aliyekuwa fundi cherehani kule Usumbura, na tonton akajibu kurasa tatu. Mama hakujua kusoma, basi mimi niliyekuwa darasa la nne kwa masista ndiye niliyesoma kwa sauti. Tonton hakuwahi kusema jambo dogo maishani mwake. Aliandika kwamba ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ni rahisi hivi kwamba paka wa Usumbura wanachagua. Mchele unatoka hapo karibu bondeni, bei ya bure. Blanketi hakuna anayenunua, maana joto linafunika watu wote sawasawa. Makala, yaani makaa, ni ya kupikia tu. Kweli, maharagwe na ndizi ni ghali kidogo, na nyumba ni ya kupanga, lakini hayo, alisema, mtu mzima hawezi kuyalilia.

Papa akachukua karatasi ya bluu ya kufungia sukari, akapiga mstari katikati, Bukavu huku, Usumbura kule. Alipiga hesabu jioni mbili. Usumbura ikashinda, na ikashinda kwa kiasi cha baiskeli moja kwa mwaka. Hapo mama aliguna. Papa alikuwa akiiota baiskeli tangu nizaliwe, na Bukavu yetu hii baiskeli unaisukuma ukipanda na kuishikilia ukishuka, lini utaikalia? Usumbura ni tambarare.

Mama hakubishana. Alisema karatasi haina tumbo, kwa hiyo haiwezi kujua kama imeshiba. Afadhali tujaribu. Mwezi mzima tuishi hapahapa kama watu wa Usumbura, kwa bei za tonton, halafu papa ampe Mugriki jibu lake. Papa alifurahi sana. Lilikuwa wazo la kikarani hasa, na liliudhi kidogo tu kwa kuwa halikutoka kwake.

Akatunga sheria. Akaleta mkebe wa maziwa ya unga. Kitu ambacho kule ni ghali kuliko hapa, tofauti inaingia mkebeni na haiguswi. Kitu ambacho kule ni rahisi, anatoa tofauti mfukoni mwake. Kodi ya nyumba, ambayo hapa hatukulipa kwa kuwa nyumba ilikuwa yetu, iliingia mkebeni yote, siku ya kwanza. Tuliisikia ikianguka.

Na mama akatunga zake. Usiku wa kwanza alikusanya blanketi zote, akazifunga kwa kamba, akazisukuma chini ya kitanda. Kule kuna joto, alisema.

Papa alicheka. Usiku wa pili alicheka kidogo. Sasa, asiyejua Bukavu mwezi wa sita, nimwambie: ule upepo unaopanda kutoka ziwani unaingia chini ya mlango, unakaa na wewe mpaka asubuhi. Usiku wa tatu papa alilala na koti. Usiku wa tano alilala na koti na soksi, kofia machoni, na hakusema neno, maana barua ya tonton ilikuwa wazi. Sisi watoto, mimi na mdogo wangu na kichanga, mama alitufunika kwa vitenge vyake vyote. Papa alipouliza kwa upole juu ya vile vitenge, mama alijibu kwamba vitenge hata Usumbura vinavaliwa.

Mbabula, jiko letu la makala, ilizimwa mara tu chakula kilipoiva. Na chakula kilikuwa ndagala. Ndagala asubuhi, ndagala jioni, na wali kwa kuwa mchele ulikuwa wa bure. Mwanzo ilikuwa sikukuu. Baada ya wiki moja, shuleni msichana aliyekaa nami benchi moja aliomba kwa sista ahamishwe, na akahamishwa. Mnacheka? Chekeni. Mimi hata leo ukiniwekea ndagala mezani tunaangaliana tu.

Papa hakukubali kushindwa. Ni ugonjwa wa ukoo wetu, nami ninao. Jioni moja, akitafuna kipande cha kiazi kitamu, alisimama ghafla kutafuna. Kiazi kile kilitoka wapi? Kwa koko, mama akasema, cha Jumamosi iliyopita. Papa akatikisa kichwa kwa huzuni. Kule Usumbura kiazi hiki kisingefika. Tunajidanganya. Kuanzia leo, kitu cha bure kutoka mlimani hakiingii katika hesabu. Mama aliacha kutabasamu. Lakini viazi vilikuwa vimekwisha, na Jumamosi ile koko hakushuka, alikuwa anavuna maharagwe, basi neno lile likabaki linaning'inia.

Jumamosi iliyofuata koko akaja, na mama hakuwepo. Alikuwa amepeleka kichanga kupimwa uzito kwa masista. Nyumbani alikuwa papa, aliyetoka kazini saa sita, na mimi.

Hapa lazima niseme jambo moja. Papa hakuwa Mushi, mtu wa kabila la mama. Alikuwa mtu wa Mwenga, alizaliwa kambini kwenye machimbo ya dhahabu, na Mashi yake, lugha ya kina koko, ilikuwa ya kununulia mboga. Koko naye hakujua Kiswahili. Tena mkwe na mama mkwe hawakaliani uso kwa uso wakapiga soga; ni heshima, papa aliishika sana. Alivua kofia, akasimama nje uani akiangalia mabati ya jirani, na maneno yake kwa koko yalipitia kwangu, kama kawaida.

Koko alikaa ndani na kikombe chake. Kitunga kilikuwa kando ya mlango, kimefunikwa kwa jani la mgomba, kimejaa maharagwe mapya. Papa alikiangalia muda mrefu. Nilimwona anapigana na nafsi yake. Karani akashinda. Akaniambia: mwambie koko tunamshukuru sana, lakini mwezi huu hatupokei vitu vya mlimani, kwa sababu mwezi huu tuko Usumbura. Arudi navyo.

Nami nikasema. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, niliyapeleka maneno yote bila kuangusha hata moja. Koko akaniambia nirudie. Nikarudia, vizuri zaidi. Akaweka kikombe chini kikiwa na chai nusu, akainama, nikamsaidia kujitwika. Jani likateleza, punje chache zikaanguka kizingitini. Alikwenda bila kunishika kichwa kama alivyozoea. Nilidhani amechoka.

Mama alipofika aliziona zile punje kabla hajaniona mimi. Akauliza, nikamweleza. Alikaa kwenye kigoda, kichanga bado mgongoni.

"Kitunga kilirudi na nini ndani?"

"Maharagwe."

"Yaleyale?"

"Yaleyale, mama."

Kwa watu wa mlima wa mama, kitunga hakirudi kitupu. Unatia chumvi kidogo, kipande cha sabuni, hata kiberiti. Mkono mtupu haulambwi. Ukisahau, ni aibu ndogo, watakusema wiki moja wataacha. Lakini kitunga kilichorudi kama kilivyokuja, hakikuguswa, hicho ni maneno mengine kabisa. Ni hivyo watu wa mume wanavyowaambia watu wa mke: undugu umekwisha, njooni mchukue mtoto wenu. Hakuna anayelitamka kwa mdomo. Kitunga kinatosha.

Papa aliposikia alishangaa kweli. Alisema ni maharagwe tu. Halafu akaona uso wa mama, akasema atapanda mwenyewe kueleza, Jumamosi ijayo, maana kuanzia kesho yake, hata kama ni Jumapili, Mugriki alikuwa anahesabu mali yote ya duka na hakuna karani aliyeruhusiwa kukosa. Mama akamjibu kwamba jambo hili halisubiri Jumamosi. Mimi nikataka tupande sote kesho yake, mama akakataa: aliyekirudisha ndiye atakayekifuata. Na Jumamosi ilipofika Mugriki alikuwa bado hajamaliza kuhesabu misumari yake.

Wiki ile mama hakumtania papa hata mara moja. Alipika ndagala, akapakua. Usiku wa tatu alifungua lile furushi, akatoa blanketi moja, akamfunika papa. Hapo ndipo mimi nilipoogopa sawasawa. Nililia chini ya vitenge, kwa kuwa yale maneno niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, tena mara mbili.

Jumapili, tumetoka misa, tumekaa kula, mnajua nini, wakaingia. Wajomba wawili, kaka zake mama, wamevaa makoti. Nyuma yao koko, na kitunga kilekile, akakiweka katikati ya nyumba. Na nje, mbuzi mwenye kamba shingoni.

Mjomba mkubwa alikuwa kapita, yaani msimamizi, katika mashamba ya Wazungu ya kwinini, alikijua Kiswahili. Hakukaa. Alimwangalia papa, kijiko kikiwa bado mkononi mwake.

"Shemeji, akufukuzaye hakuambii toka. Tulisikia. Mbuzi wa kwanza wa mahari yenu ni huyu, ng'ombe watafuata. Utupe mutoto wetu."

Nimemwona papa mbele ya Mugriki, nimemwona mbele ya padri, lakini sijamwona amekauka vile. Akafanya kitu pekee alichokijua: akaleta ile karatasi ya bluu. Akaanza kuwasomea wakwe zake bei ya mchele. Akasoma makala. Akaonyesha mkebe, akautikisa wausikie. Mjomba mkubwa alisikiliza kwa heshima, huku macho yake yakizunguka nyumba: mbabula imezimwa mwezi wa sita, furushi la blanketi chini ya kitanda limefungwa kwa kamba, watoto wamenuna mbele ya ndagala. Mwishowe akamgeukia dada yake, akamuuliza taratibu kama shemeji ameugua siku nyingi.

Mama, Mungu amsamehe, akacheka. Alikuwa amekizuia kile kicheko siku nane, kikatoka na machozi. Wajomba wakamwona, wakaanza nao. Hata mdogo wangu akacheka, hajui kwa nini. Mimi nilidhani basi, yamekwisha.

Koko peke yake hakucheka. Alinivuta kando yake akaniuliza wanasema nini. Nikamweleza kwa Mashi, polepole, nikitaka kulipa kosa langu. Hakuna anayemfukuza mtu. Papa anajaribu tu, aone kama tukihamia Usumbura pesa itatutosha. Nikamwambia yote, ndagala, kodi, joto, hata baiskeli. Alisikiliza, kiganja shavuni, akitazama ile karatasi mkononi mwa papa. Hajapata kushika kalamu, lakini alijua karatasi ni kitu gani; karatasi ndizo zilizomchukua mume wake kwenda kulima barabara ya Wazungu.

"Uulize baba yako," akasema. "Kwenye ile karatasi, mimi niko wapi?"

Nikauliza. Wajomba wakaacha kucheka. Na papa, hili ndilo ninalompendea mpaka leo, hakutoa jibu la haraka. Alitafuta. Aliweka kidole juu kabisa, Bukavu, akashuka mstari kwa mstari: chumvi, sabuni, makala, sadaka ya kanisa. Akarudi juu, Usumbura, akashuka tena. Nilikiona kidole kinafika chini, ambako kulikuwa na jumla tu.

"Hayuko," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikamwambia koko. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaitegemea.

"Basi hapo nimeshakufa."

Nimetafsiri mambo mengi maishani, mengine mbele ya majaji. Sijapata tena kuchukia kazi hiyo kama siku ile. Lakini nililisema, maana walikuwa wananingoja wote. Mama akageuza uso ukutani.

Papa aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Akapiga magoti mbele ya kitunga, na viatu vyake vyeusi, akaanza kuhamisha maharagwe kwa viganja vyake kwenda katika sufuria yetu kubwa, akiangalia isianguke hata punje. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia, na nadhani hakutaka. Kitunga kilipokuwa kitupu akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa chumvi uliopaswa kutufikisha mwisho wa mwezi, akaumimina wote. Juu yake akaweka mche mzima wa sabuni. Mama aliinua macho, akaangalia mkono wake, hakusema neno.

Halafu papa akajitwika kitunga kichwani.

Ninyi hamjui maana yake. Mwanaume, karani, mwenye koti, Jumapili mchana, wakati Cimpunda yote imekaa nje inatafuta cha kuangalia. Kitunga kichwani ni cha mwanamke. Mwanaume akibeba sana, anabeba begani. Mjomba mdogo aliruka kumpokea, papa akamzuia kwa mkono. Akatoka. Kutoka nyumba hadi nyumba watu waliacha kuongea. Mama mmoja jirani alimuuliza karani anahamia wapi, papa akajibu, bila kugeuka maana shingo ilikuwa haigeuki, kwamba ametoka Usumbura, sasa anarudi nyumbani.

Ile nafasi ilikwenda kwa karani mwenzake. Baada ya mwaka alikuja kututembelea, amenenepa, na baiskeli mpya juu ya lori. Papa aliizunguka mara mbili. Akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema ina upepo mzuri, akaingia ndani kunywa chai. Sitawaambia kwamba haikumuuma. Ilimuuma, na mama alijua, na wiki nzima alipunguza chumvi bila kuangaliwa.

Lakini ile Jumapili mimi nilisimama mlangoni na mbuzi, ambaye walimwacha kwetu, nikawaangalia wanavyopanda. Papa mbele, ameshika kitunga kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai ya watu. Wajomba nyuma yake, wanajikaza wasicheke. Mwisho kabisa koko, hana kitu kichwani. Tangu nimjue sikupata kumwona hivyo njiani. Njia ilipoanza kupanda sana alinyanyua mkono kushika kitunga, akakuta hakuna, akaushusha. Hatua chache, akaunyanyua tena.